Faida ya Kiwanja cha Kwihara

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimegundua kuwa mimi ni tajiri. Nimechelewa kujua, lakini nimejua.

Ilikuwa baada ya misa. Shemeji yangu Zablon, mdogo wake mke wangu, alisimama nje ya kanisa na miwani mipya, akiwasimulia watu jinsi alivyonunua hisa za benki miaka mitano nyuma na kuziuza juzi kwa karibu mara mbili ya bei aliyonunulia. Neno "faida" alilitamka kama padri anavyotamka "neema". Watu wazima wanamsikiliza midomo wazi. Zablon huyu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuziba pancha.

Nikakumbuka kiwanja changu cha Kwihara. Ekari moja. Nilikinunua miaka kumi na miwili iliyopita kwa milioni nne, watu wakanicheka kwamba nimenunua vichaka. Sasa reli mpya inajengwa na kila mwenye fedha anatafuta pa kuweka ghala. Nikamwambia Zablon hivyo, kwa sauti ya kutosha wengine kusikia. Badala ya kunyamaza kwa aibu, akaniambia anamfahamu mnunuzi: Bi Mwanahawa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Gongoni. Anatafuta eneo upande uleule. Anaweza kufika milioni thelathini na mbili.

Hesabu yangu njiani kurudi nyumbani Isevya: faida, milioni thelathini na mbili. Zablon na hisa zake watafute pa kujificha.

Jioni nimepita nyumbani kwa fundi Masolwa, nikaagiza suti ya kijivu. Malipo baadaye. Mtu mwenye faida kama yangu haombwi kianzio.

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu Apolinaria ana kasoro moja: ni hodari wa kutoa. Simaanishi sadaka. Namaanisha hesabu.

Nilimpa habari wakati wa chai. Akaniuliza faida ni kiasi gani. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, akasema hiyo ni bei, siyo faida. Akatoa milioni nne za kununulia. Akatoa fedha ya mpima ardhi. Akatoa uzio wa seng'enge tuliouweka mwaka ule wa ng'ombe wa watu kuingia. Akatoa udalali wa Zablon. Kila alipotoa, nikahisi mtu ananivua nguo moja.

Nikamwambia zile fedha zilishatumika zamani, zimesahaulika, haziwezi kurudi leo kudai chao. Akasema basi akinunua ndoo ya asali kwa elfu sabini na kuiuza kwa elfu tisini, kwa hesabu yangu amepata elfu tisini, na anashangaa kwa nini bado tunaishi nyumba ya kupanga.

Nikaenda dukani kuuza vipuri vya baiskeli.

Nikiri kwamba ana sababu ya kulifikiria jambo hili kwa makini. Asali anayofungasha imepata mteja mkubwa, Bwana Doto, mwenye kantini ya wachimbaji kule Nzega. Anataka ndoo nyingi kila mwezi, lakini hataki asali inayochujwa jikoni karibu na sufuria ya dagaa. Anataka chumba maalumu, chenye vigae na sinki, na atakuja kukiona kabla mwezi haujaisha. Bila chumba, atanunua kwa mtu mwingine. Apolinaria amekifikiria chumba hicho kwa muda mrefu mpaka anajua dirisha litakaa wapi.

Tumekubaliana: tukiuza, kwanza chumba. Kinachobaki, anunue vipande vya mfuko wa uwekezaji, vikue polepole. Nimekubali kwa kichwa. Moyo wangu ulikuwa kwenye pikipiki.

Zablon naye kapita dukani. Nikamwambia kiwanja changu kimeniletea faida kubwa. Akasema hakijaleta chochote. Faida haijawa faida mpaka uuze. Kabla ya hapo ni maneno tu. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Fundi Masolwa ameshakata kitambaa.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Mwanahawa amekuja kuona kiwanja. Mama mzito wa mwendo, mwepesi wa macho. Zablon alimleta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kukagua uzio.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kwamba eneo hili si la kawaida. Nikamwambia misafara ya zamani kutoka pwani kwenda Ujiji ilipiga kambi hapahapa. Wapagazi walitua pembe za ndovu juu ya ardhi hii anayoikanyaga. Kwa hiyo pamoja na udongo ananunua historia, na historia ina bei yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema babu ya babu yake alikuwa mmoja wa watu wa misafara hiyo, na kwao wamerithishana habari ya njia hiyo kizazi hata kizazi. Njia ilipita ng'ambo ya kile kilima. Huku kwangu, alisema, palikuwa bonde la tope ambalo wapagazi walilizunguka. Akaanza kutazama udongo kwa wasiwasi, akauliza kama masika maji yanasimama.

Tulianza thelathini na mbili. Tukaishia thelathini. Njiani Zablon akaniambia ningekaa kimya tungeuza kwa thelathini na mbili.

Si kitu. Thelathini ni namba nzuri. Ya mviringo.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Kuna kodi.

Zablon ndiye aliyenipa habari, akiwa na uso wa mtu anayetoa pole msibani huku amekula pilau. Ukiuza ardhi kwa faida, asilimia kumi ya ile faida ni ya serikali. Usipolipa, umiliki hauhamishwi kwenda kwa mnunuzi. Nikamuuliza kama na yeye alilipa kwenye hisa. Akaanza kunieleza kwamba hisa zina utaratibu wake, na utaratibu huo una masharti yake. Nikamwambia aache, sikuuliza ili nijibiwe.

Nikakaa dukani nikitafakari. Mimi ndiye niliyenunua vichaka. Mimi ndiye niliyechekwa. Wakati nachekwa serikali haikuja kuchekwa asilimia kumi.

Ndipo likanijia wazo. Rahisi mno, nikashangaa kwamba nchi nzima haijaligundua. Tuandike kwenye mkataba kwamba nimeuza kwa milioni kumi. Zinazobaki anipe mkononi. Faida inakuwa ndogo, kodi inakuwa ndogo, kila mtu anafurahi.

Nikaenda Gongoni mbio. Bi Mwanahawa alikuwa akihesabu mabati. Nikamvuta pembeni, nikamweleza kwa sauti ya chini, nikitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

Akaweka bati chini. Kisha akasema, "Baba Recheli, na mimi siku moja nitakiuza kile kiwanja. Nikiuza kwa hamsini, mkataba unasema nilinunua kwa kumi. Faida yangu itahesabiwa arobaini. Kwa hiyo kodi unayoikwepa wewe leo, utakuwa umeniwekea mimi niilipe kesho."

Nikasema hilo sikuwa nimelifikiria.

"Mimi nimelifikiria," akasema. "Na huo ni uongo wa kuandikwa. Wa mdomo unaweza kuukana. Wa kuandikwa unakukana wewe."

Akarudi kwenye mabati yake. Aliniagiza nimsalimie mama watoto.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamka na wazo bora kuliko la jana. Halali kabisa.

Apolinaria alisema gharama zinatolewa kwenye bei. Kumbe basi! Gharama zikiongezeka, faida inapungua. Faida ikipungua, kodi inapungua. Ninachotakiwa kufanya ni kutumia fedha haraka iwezekanavyo, kabla ya kuuza.

Nimechukua mtaji wa duka, laki nane, nikawapa wachimbaji wawili wanichimbie kisima Kwihara. Kisima ni maendeleo ya ardhi, hakuna wa kubisha. Walichimba asubuhi nzima. Wakafika urefu wa mtu na nusu, wakakuta mwamba. Wakagonga. Mwamba ukakataa. Wakaniambia kazi imekwisha, wakaondoka na fedha yangu. Maji hakuna hata ya kunawa.

Nikamweleza Apolinaria nilivyowazidi akili watu wa kodi. Akauliza kodi imepungua kwa kiasi gani. Tukahesabu. Asilimia kumi ya laki nane.

"Elfu themanini," akasema. "Umetumia laki nane ili usilipe elfu themanini."

Ikisemwa hivyo haipendezi. Nimemwambia kila kitu kikisemwa hivyo hakipendezi.

Alasiri Bi Mwanahawa akapata habari ya shimo. Amempigia Zablon simu: yeye alikubali kununua ardhi tambarare kwa ajili ya magari ya mizigo. Kulifukia shimo ni juu yangu, ama apunguziwe milioni moja. Mtaji umekwisha, wa kulifukia sina. Ni ishirini na tisa sasa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimefunga duka, nikaenda kwenye maonyesho Ipuli kujiliwaza. Nimetazama mbuzi wa maziwa. Nimeonja alizeti. Halafu, katikati ya mabanda, nikaliona banda la watu wa kodi, wanatoa elimu bure.

Nikaingia nikasema nina rafiki anayeuza ardhi. Dada mmoja anayeitwa Theodora alinipokea vizuri sana, akanipa kiti. Akasema rafiki yangu asiogope: kodi hailipwi kwenye bei yote, inalipwa kwenye faida tu, na gharama zote za kweli zinaondolewa kwanza, mradi awe na ushahidi. Alisema nimwambie rafiki yangu atunze stakabadhi. Nikamwahidi. Sikutaja kwamba wachimbaji hawakumpa rafiki yangu hata salamu.

Kisha akasema jambo lililonifanya nisimame. Alisema upo msamaha kwa mtu anayeuza nyumba anayoishi mwenyewe.

Anayoishi! Pale Kwihara kuna kibanda cha bati nilichojengea mlinzi, ambaye sikuwahi kumwajiri. Kina mlango. Kina hata dirisha la upande mmoja. Mtu akilala pale, anaishi pale.

Dada Theodora alikuwa bado anaendelea kueleza, lakini nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Nikamshukuru nikaondoka. Nikageuka mara moja, nikamwona amenyoosha kidole kama mtu aliyebakiza sentensi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimehamia Kwihara.

Nimefunga godoro kwenye baiskeli, nikaongeza sufuria, kandili na picha ya harusi yetu, maana nyumba isiyo na picha ya harusi ukutani haionekani kama nyumba. Apolinaria alikuwa kwa wafugaji wa nyuki tangu alfajiri. Sikumweleza mpango wote, kwa sababu angetoa kitu ndani yake. Nimemwachia ujumbe kwa jirani kwamba nimekwenda kukaa Kwihara kwa muda.

Kibanda ni kizuri. Joto kidogo mchana. Nimepiga msumari, nimetundika picha. Nikakaa mlangoni nikiwa mwenye nyumba, nikawaamkia wapita njia wote: "Mwangaluka!" Nataka wanikumbuke. Ikifika siku ya kuulizwa, Kwihara nzima iseme, ndiyo, Hilari Lugembe anaishi hapa.

Jumapili, 10 Agosti

Wamenikumbuka kupita kiasi.

Sikwenda misa, kwa sababu mkazi wa Kwihara hawezi kuonekana akitokea Isevya. Nilikuwa nje najinyoa, kioo nimekiegemeza kwenye seng'enge, nilipomwona katekista Mathias anakuja na akina mama wawili wa jumuiya. Sura zao zilikuwa za hospitali.

Katekista alikaa kwenye ndoo. Akasema ndoa ni safari, na kwenye safari kuna milima na mabonde. Nikasema kweli. Akasema mwanamume anapotoka nyumbani na godoro, shetani hulala upande wa pili wa kitanda. Nikaanza kuelewa.

Nikataka kumwambia hatujagombana. Lakini ningesemaje basi nimekuja kufanya nini? Ningemweleza katekista kwamba ninaigiza kuishi hapa ili nisamehewe kodi? Nikanyamaza. Ukimya wangu wakauchukua kuwa maumivu. Mama mmoja alichungulia ndani, akaiona picha ya harusi juu ya godoro la chini, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Wakasali sala ndefu. Wakaniachia viazi.

Mpaka jua linazama, habari imefika mpaka sokoni: Apolinaria amemfukuza mumewe. Wengine wanasema mume amekimbia madeni. Fundi Masolwa amekuja kwa baiskeli kuulizia kianzio.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika haya nikiwa Isevya. Kwa kweli siku ya leo sikuipenda.

Asubuhi Bi Mwanahawa alifika Kwihara na Zablon. Hakushuka kwenye gari. Alisema amesikia yaliyotokea, anatupa pole, lakini yeye hanunui ardhi yenye ugomvi wa ndoa. Ardhi ya mume na mke lazima wote wawili waridhie, na mke aliyeachwa haridhii. Ameona kiwanja kingine kule Itetemia. Akaniombea subira, akaondoka. Zablon alibaki amesimama pale barabarani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunifundisha. Alisema tu, "Shemeji, nenda nyumbani ukazungumze na dada."

Sikuhitaji kwenda. Alikuja yeye.

Alikuja kwa miguu. Nilimwona kwa mbali nikatayarisha maelezo. Nilikuwa na maelezo mazuri sana, yenye msamaha wa kodi ndani yake na hesabu ya fedha tutakazookoa. Nikayatoa yote. Alisikiliza amesimama, hajakaa. Nilipomaliza akaingia kibandani, akaitoa ile picha kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Jana wanawake wamekuja nyumbani na sukari," akasema. "Wamekaa wananipa pole. Mimi nimekaa nao, nimepokea ile sukari, nimeitikia pole, na sijui mume wangu ameniacha kwa nini. Nilikuwa nakumbuka kila neno nililokwambia wiki nzima. Nikasema labda ni zile hesabu. Labda nimetoa mno."

Maelezo yangu yote yalikuwa yameishia pale kwenye sukari.

Nikamwambia hakutoa mno. Nikamwambia hata mimi nilipokaa pale peke yangu nilikuwa nageuka kumwonyesha kitu, halafu nakuta bati. Hilo ni kweli, na sikulipanga.

Akakaa kwenye ndoo ya katekista. Akauliza viazi ni vya nani. Tukavichemsha, tukala. Halafu akanisaidia kufunga godoro. Wakati tunasukuma baiskeli kurudi mjini nikamwambia kuhusu Itetemia, kwamba mnunuzi amekwenda, na chumba chake cha asali kimekwenda naye. Akasukuma mpaka tukafika barabara kubwa. Akasema kesho twende wote Gongoni, na kwamba kesho yeye atazungumza.

Watu walitupungia mikono njia nzima. Akina mama wawili walipiga vigelegele.

Jumanne, 12 Agosti

Tumekwenda. Nimevaa shati jeupe, nimefunga mdomo.

Apolinaria hakuisifu ardhi. Hakutaja misafara. Alimwambia Bi Mwanahawa kwamba hakuna ugomvi, kuna mume mwenye mawazo mengi, na kwamba kila mwanamke aliyeolewa anajua tofauti. Bi Mwanahawa akacheka mpaka akashika meza. Kumbe naye marehemu mumewe aliwahi kufuga mbuni.

Kisha wakazungumza kama watu wa biashara. Ishirini na tisa, shimo likiwamo. Bei ya kweli iandikwe. Wote wawili tusaini mbele ya wakili. Kodi yetu tulipe sisi, gharama za kuhamisha umiliki alipe yeye. Ilichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kueleza pembe za ndovu.

Kwenye kutoka Bi Mwanahawa akaniambia nimeoa vizuri. Nikasema huo ndio uwekezaji wangu wa kwanza. Apolinaria akasema huo haukaguliwi thamani, twende.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumeuza!

Tulianza kwa watu wa kodi. Dada Theodora alikuwa dirishani. Akanitambua, akaniuliza rafiki yangu hajambo. Apolinaria akanitazama. Nikasema hajambo, ndiye huyu.

Nikamuuliza, kwa kujua tu, habari ya kibanda. Akasema siku ile nilikimbia kabla hajamaliza: msamaha ni kwa nyumba ambayo mtu ameishi kweli, kwa miaka kadhaa, na hata hapo faida isizidi kiwango kilichowekwa. Kulala siku mbili kwenye bati hakutoshi. Wala kisima hakikuhesabiwa, kwa kuwa sina stakabadhi. Wala hakina maji, akaongeza Apolinaria, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Lakini stakabadhi ya mpima ardhi anayo. Ya seng'enge anayo. Mkataba wa kununulia anao. Hata udalali wa Zablon ulitolewa. Baada ya yote, faida yetu ikawa milioni ishirini na mbili na ushee, na kodi milioni mbili na ushee. Nilipolipa nilitegemea kuumwa. Sikuumwa. Kilikuwa kiasi kinachojulikana, kimetokana na kiasi kinachojulikana, na kilichobaki kilikuwa chetu, mchana kweupe, bila kumnong'oneza mtu. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Fedha ziko benki. Akaunti ina sahihi mbili. Wazo la sahihi mbili si langu.

Zablon amepokea udalali wake kwa mikono miwili, akaniambia, "Sasa ndiyo faida, shemeji." Nikamshika mkono. Ile miwani kwa kweli inampendeza.

Jumanne, 26 Agosti

Sijaandika kwa sababu nimekuwa nikibeba matofali. Uwanja wa nyuma wa mwenye nyumba tumeununua kihalali, kipande kidogo tu, na chumba kimesimama. Bati limepigwa jana. Leo fundi amemaliza vigae, vyeupe, mpaka usawa wa bega. Sinki lipo. Dirisha limekaa palepale Apolinaria alipokuwa akipaonyesha kwa kidole tangu zamani, na mchana mwanga unaingia juu ya meza ya kuchujia kama ulikuwa unasubiri kuitwa.

Bwana Doto amefika kutoka Nzega. Alipitisha kidole ukutani. Alifungua bomba, akalifunga. Akaonja asali ya miombo kwa kijiko, akafumba macho. Kisha akaagiza mzigo wa mwezi wa tisa, akalipa nusu palepale, na kuuliza kama mwezi wa kumi anaweza kuongezewa.

Apolinaria alimjibu taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyezoea. Alipoondoka, akaufunga mlango wa chumba kwa ndani. Nilimsikia akicheka peke yake humo. Nikasubiri nje, sikugonga.

Binti yetu Recheli amepiga simu kutoka chuoni. Mama yake akampa habari zote. Mimi nikapewa simu mwishoni, nikaambiwa hongera baba, umeuza vizuri. Nimezipokea.

Jumapili, 31 Agosti

Vipande vya mfuko wa uwekezaji vimenunuliwa. Kila jioni Apolinaria anaambiwa na simu vimepanda senti ngapi, naye anaitikia vizuri na kurudi kwenye kazi yake. Mimi siwezi maisha hayo. Fedha inayokua polepole hivyo mtu huwezi kuiona ikikua.

Kwa bahati nzuri nimepewa sehemu yangu niitumie nitakavyo, kiasi kidogo cha kunipima kama nimekua akili. Nimelipa suti. Kilichobaki nimepanda nacho basi mpaka mnada wa ng'ombe kule Choma, nikanunua mtamba mwekundu, mwenye mimba. Hakuna ubishi hapa. Ardhi haizai. Ng'ombe anazaa.

Nimepiga hesabu kwenye basi nikirudi. Ndama mmoja, kisha mtamba, kisha ndama wa mtamba. Baada ya miaka michache nitahitaji eneo la malisho, na nimesikia kuna bonde zuri upande wa Ziba, watu wanalicheka bado. Mwenye nalo hataki mambo ya stakabadhi, anasema sisi ni ndugu. Mtu mwema sana.

Apolinaria ameuliza ng'ombe ni wa bei gani. Nimemwambia asiangalie bei, aangalie faida. Akashusha pumzi, akaniwekea chai.

Jioni Zablon kaja kumwona huyo mtamba kwenye picha. Nikamweleza mpango wote. Alivua miwani, akaisafisha, akaivaa tena, akauliza kama nafasi ya kuchangia ipo. Nikamwambia kwa kuwa ni ndugu, ipo.

Ndama hajazaliwa. Kwenye hesabu yangu nimeshamuuza, na kwa bei nzuri mno.